Ulaya Imekukubali

Mwaka ule wa kwanza nilituma picha Ilongero:
mimi mbele ya ghala, Northampton, theluji begani,
shati limenibana, shingo imekunjika kama mkeka.
Dada Elinipa akajibu chai yake haijapoa:
Kaka, Ulaya imekukubali!
Picha ikapita mkono kwa mkono kanisani,
hata walionidai wakaniita bosi.

Hakuna aliyeuliza nakula nini.
Saa nane usiku, kengele ya mapumziko,
mashine ya ukutani inameza sarafu, inatema
keki ndani ya karatasi, soda yenye jina la radi,
viazi vyembamba vinavyolia mdomoni kama majani makavu.
Alfajiri, kwa Mturuki wa kona, kuku wa mafuta ya juzi,
kisha usingizi, pazia limefungwa, jua lote linanipita.
Miaka sita. Tumbo lilitangulia, mimi nikafuata.

Halafu kiu.
Kiu ya mtu aliyelamba ziwa Singidani na magadi yake.
Nikanywa, nikaamka, nikaenda haja, nikarudi, nikanywa,
na vidole vya mguu wa kushoto vikaanza kusinzia
kabla yangu.

"Bwana Makambo?" nesi aliita, nikaitika.
Jina langu ni Mkumbo, lakini mgonjwa hachagui.
Naye mgeni pia: Bincy, mtoto wa Kerala,
miwani imeteleza puani, zamu haijamwisha.
Akachoma kidole. Tone moja, dogo kuliko punje ya mtama,
likasema yote niliyokula gizani.
Sikuwahi kujua damu ina umbeya.

Nikangoja orodha ya makatazo.
Akauliza tu: "Mama yako alikuwa akipika nini?"

Niliona aibu, ndiyo, aibu, kukitamka:
ugali wa mtama, mweusi kama udongo wa mbugani,
mlenda unaovutika kutoka bakuli hadi kidevu,
kunde, na karanga za kiganjani kwa safari ya kisimani.
Chakula nilichokikimbia.
Mshahara wangu wa kwanza, Dodoma, nilinunua sembe,
nyeupe, iliyokobolewa mpaka ikasahau ni mahindi,
nikaapa mtama nimewaachia ndege.

Bincy akacheka, si kwa dharau.
"Bibi yangu alipika ulezi, nami niliukimbia vilevile.
Sasa naununua paundi nne kimfuko,
barabara ya Wellingborough, rafu ya chini kabisa."
Paundi nne!
Na sisi tuliuamia utoto wetu wote, kwa kombeo, bure.

Sikupona siku ile, msinielewe vibaya.
Vidonge nameza, asubuhi na jioni.
Kuna usiku nilisimama mbele ya mashine
sarafu imelowa jasho mkononi, nikashindwa, nikala keki mbili
na kulamba karatasi.
Ila nilianza kubeba bakuli kutoka nyumbani:
dengu, tonge la mtama, bamia badala ya mlenda
(Zbigniew wa zamu yetu alichungulia, akauliza kama ni gundi).
Basi nalishukia vituo viwili kabla, natembea,
baridi inanizaba makofi, damu inatafuta njia.
Vidole vimeamka, vinne.
Cha tano bado kinafikiria.

Juzi nikatuma picha nyingine.
Shati lile lile, sasa linapepea.
Elinipa hakuandika. Alipiga, kwa sauti ya msibani:
"Kaka, mbona umekwisha hivyo? Sema kweli, una nini?"
Nyuma yake nikawasikia kina mama wa kwaya wananong'ona,
mmoja akisema Ulaya imemkataa,
mwingine akisema tumwombee.
"Nina saba," nikamwambia. "Leo asubuhi, kabla ya kula."
"Saba ya nini?"
Nikatafuta neno. Tonge likapoa vidoleni.

"Dada," nikasema, "mtama bado mnalima?"

"Tunalima. Tunawapa kuku."